Upande wa Kaskazini

Hapa Dalkahue mvua haiji, mvua inakaa.
Ikiondoka ni kama mgeni aliyesahau kofia:
atarudi.
Basi upepo wa kusini ulipovuma mkavu siku tatu, mwezi Januari,
nikaazima ngazi kwa jirani Filomena
nikaiegemeza upande wa kaskazini,
upande unaopigwa.

Baba mkwe akatoka na kikombe cha chai.
"Makopo ya rangi yako wapi?"
"Bado dukani."
"Sasa unapanda kufanya nini?"
"Kukwangua."
Belarmino akanitazama
kama niliyesema nakwenda kumvua mgonjwa nguo.

Ikaanguka kwanza bluu, bluu ya mashua,
iliyobaki koponi mwaka alioziuza nyavu.
Chini yake manjano ya sikukuu, iliyopakwa usiku kucha
ili padri akipita asubuhi aone ukuta unang'aa.
Chini ya manjano, kijani. Chini ya kijani, kuvu.
Magamba yakaniingia kwenye nywele, kwenye soksi, kwenye supu.
Rangi juu ya rangi juu ya unyevu,
kama mtu anayejibu "sijambo" kabla hujamuuliza.

Nikaosha kwa sabuni na jiki, nikasuuza, nikangoja.
Kungoja ndiyo kazi. Brashi ni sherehe tu.
Nikaweka kiganja juu ya kila ubao, napima homa:
huu mkavu,
huu mkavu,
huu bado una neno.
Na chini ya dirisha la chumba chake
bisibisi ikazama hadi mpini
kama kwenye kiazi kilichoiva.

Sikusema kitu. Mkwe ni mkwe.
Lakini alikuwa amesimama nyuma yangu, chai imepoa.
"Nilijua," akasema.
"Rosaura alipojifungua wa mwisho, nilijua.
Niligonga, ukaniitikia kwa sauti ya boga tupu.
Ubao mmoja ulikuwa bei ya magunia mawili ya unga.
Rangi ilikuwa nafuu kuliko ubao.
Na Rosaura alisimama pale getini, mtoto begani,
akasema, Belarmino, nyumba imependeza."

Kisha akaninyang'anya bisibisi
akaung'oa ubao mwenyewe, msumari kwa msumari,
mikono inatetemeka, matusi mafupi mafupi.
Ndani mlikuwa na wadudu wa kijivu wenye miguu mingi
na giza lenye harufu ya uyoga.
Tukapaacha wazi siku mbili pakapumua.
Usiku alilala na koti, upepo ukimpuliza miguuni,
wala hakulalamika.

Ubao mpya nikaupaka praima pande zote,
hata mgongo, hata ncha zilizokatwa,
maana ubao hunywea nchani.
"Nani ataona huko nyuma?"
"Mvua."
Akacheka kwa pua.

Puti kwenye mianya. Msasa hadi vidole vikalainika,
hadi Filomena akaja kuuliza kama ngazi yake imeota mizizi.
Ndipo nikafungua kopo, nyekundu ya tofali,
nikaanza juu, nikashuka pamoja na kivuli
ili jua lisiikaushe rangi kabla haijashika.
Koti la kwanza jembamba. Siku nzima, hakuna kugusa.
Aligusa.
Alama ya kidole chake iko pale karibu na bawaba,
nimeipitia kwa koti la pili na bado naiona.

Jumapili mawingu yakaanza kurundikana juu ya mlango wa bahari.
Kopo lilikuwa limebaki robo. Nikageuka kuosha brashi,
na nilipoinua macho
Belarmino alikuwa kwenye banda la kuku
anapaka moja kwa moja juu ya kinyesi na manyoya,
hajakwangua, hajafuta, anapiga mluzi,
na kuku mmoja tayari ana bawa jekundu.

Nilikuwa na neno la kumwambia.
Nikainama tena kwenye ndoo ya tapentaini.